Jinsi Nyuki Walivyopata Mvumo

Zamani hizo nyuki walikuwa bubu. Walikwenda na kurudi, wakajaza masega, wakahama na malkia wao kutoka mti hadi mti, na usiwasikie hata kidogo. Mtu aliweza kukaa chini ya kundi zima akimenya viazi, asijue wapo mpaka achomwe. Mrina asali alipopanda mtini aliweka kiganja juu ya mzinga, akasubiri joto limwambie kama mna wenyeji ndani, maana sikio halikumsaidia kitu. Msinikodolee macho hivyo. Nawaeleza kama nilivyoelezwa, na aliyenieleza hakuwa mlevi.

Siku hizo pia watu wa Igonda walikuwa na mungu wao, si huyu mnayemjua nyinyi wa misikitini na makanisani. Jina lake Lubawe. Alikaa ndani ya lile jabali kubwa la kijivu mnapochungia mbuzi. Ilisemekana jua likizama Lubawe naye hulala, na kila alfajiri lazima aamshwe kwa wimbo, ndipo alisukume jua lichomoze. Asipoimbiwa, giza litaendelea, umande hautakauka, na watoto waliolala watabaki huko huko usingizini. Hayo waliyaamini wote, wenye akili na wasio na akili, na hakuna aliyewahi kuyajaribu.

Wimbo wa kumwamsha ulikuwa mrefu ajabu. Ulianza jogoo wa kwanza alipowika, ukaisha umande ulipokauka kwenye majani ya maboga. Ulikuwa na ubeti wa maji, ubeti wa wageni, ubeti wa wafu, wa mbegu, wa moto wa jikoni, wa mtu aliyepotea porini. Kila linalomsumbua binadamu lilikuwa na ubeti wake. Aliyeujua alikuwa mtu mmoja tu, mwanamke, wakimwita Mwamshaji. Alipanda juu ya jabali peke yake akaimba, na watu wakamsikiliza kutoka majumbani mwao huko chini, wengine bado wamejifunika, sauti ikiwashukia pamoja na ukungu. Maneno hawakuyapata vizuri. Waliupata mlio, ukawa mtamu, ukawatosha.

Sasa kulikuwa na desturi. Mwamshaji alimfundisha mrithi wake wimbo wote isipokuwa ubeti mmoja. Huo mmoja aliuweka moyoni mpaka siku ya kukata roho, ndipo amnong'oneze mrithi sikioni. Waliuita fungu la uzeeni. Msiicheke desturi hiyo, ilikuwa na sababu yake. Inasemekana Mwamshaji mmoja wa kale alifundisha kila kitu kwa moyo mweupe, mwanzo hadi mwisho, na tangu kesho yake hakuletewa hata kata ya maji. Alikufa kwa kiu huku akimsikia mwanafunzi wake akiimba kule juu. Wanawake wa Igonda waliona aibu, wakaapa kwamba mwalimu asimalize kufundisha angali anapumua.

Shida ni kwamba kifo hakibishi hodi.

Katika Igonda hiyo aliishi mwanamke aitwaye Kalunde, mke wa Mhoja mrina asali. Kalunde alikuwa mrefu, mpole, mkaidi kimyakimya, wale watu wanaokubali kila unachosema halafu wanafanya walichokusudia. Alikuwa amezika watoto wawili. Wa kwanza aliishi siku nane. Wa pili aliishi mpaka akajifunza kucheka, na huyo ndiye aliyemmaliza, kwa sababu kicheko chake kilibaki masikioni, na kila Kalunde alipoinama kuosha vyombo alikisikia nyuma ya mgongo. Baada ya matanga ya huyo wa pili alijifunga khanga kiunoni akaenda moja kwa moja kwa Nyanjige, aliyekuwa Mwamshaji wakati huo, bibi mwembamba mwenye macho ya utani.

"Bibi," Kalunde alimuuliza, "katika wimbo kuna ubeti wa watoto?"

Nyanjige alimtazama kwa muda. Alikuwa mzee, anaishi peke yake, miguu imeanza kuvimba.

"Upo," akasema.

"Unasemaje?"

"Ah, mjukuu wangu, umegusa palepale. Huo ndio fungu langu la uzeeni."

Basi Kalunde akawa mrithi. Kila siku alimchotea Nyanjige maji kisimani, akampikia uji wa mtama, akamsugua miguu kwa mafuta ya nyonyo. Karanga alimtwangia laini, kwa sababu meno yalikuwa yamebaki manne na hayakuwa yakionana. Nyanjige alimtania, "Uji wa leo umepikwa na mtu aliyenuna, nausikia ulimini." Kalunde alicheka, na ilikuwa mara chache siku hizo kucheka. Mumewe Mhoja hakulalamika. Alikuwa mtu wa kushinda mitini, na aliyezoea nyuki wasiosema hawezi kusumbuliwa na nyumba yenye ukimya.

Kalunde aliujua wimbo kabla mwaka wa pili haujaisha, na hapo ndipo alipoanza kushangaa. Maneno yalikuwa machache mno. Palikuwa na ubeti wa maji, ubeti wa wageni, ubeti wa wafu, na kipande cha ubeti wa mbegu kilichokatika katikati kama kamba mbovu. Sehemu nyingine zote ilikuwa kuvuma tu, midomo imefungwa, sauti ikipanda na kushuka taratibu, mahali pengine ndefu kiasi cha mtu kusahau kama aliianza yeye au aliikuta. Ilikuwa nzuri. Alipovuma alijisikia kama yuko ndani ya maji ya vuguvugu, na jabali chini ya nyayo zake lilikuwa kama linavuta pumzi. Lakini maneno hayakuwepo.

"Bibi, hapa maneno yako wapi?"

"Hapa huwa tunavuma."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndivyo nilivyokuta."

Kalunde akarudia kuvuma. Siri ya mtungi aijuaye kata, na yeye ndiyo kwanza alikuwa ameingizwa mtungini. Akajiambia pengine Lubawe mwenyewe hapendi maneno mengi asubuhi, kama watu wengine. Tena hakuwa amekuja kwa ajili ya beti hizo zote. Alikuja kwa ajili ya mmoja, na huo alijua ulipo. Ulikuwa kifuani mwa bibi yule anayelalamikia uji, na ilibidi kusubiri.

Alisubiri miaka saba. Mwaka wa saba akashika mimba.

Hakufurahi. Aliogopa. Tumbo lilipokua, hofu nayo ikakua, na Nyanjige naye akaanza kudhoofika, mpaka ikawa kama mbio za watatu, mimba, kifo na ubeti, na Kalunde hajui nani atatangulia. Sasa yeye ndiye aliyepanda jabalini kila alfajiri, mkono mmoja kiunoni. Akishuka alikaa kando ya kitanda cha Nyanjige akiitazama miguu ya bibi isiyokuwa na kazi tena.

"Bibi, nipe sasa," alimwambia siku moja. "Miezi imekwisha. Nitakuangalia vilevile, naapa."

Nyanjige aligeukia ukutani. Alikaa hivyo mpaka uji ukapoa, na Kalunde akaona mabega ya bibi yakitikisika. Alidhani ni baridi, akamwongezea nguo.

Siku ya mwisho ilikuwa mchana, jua limesimama, kuku wamejilaza kivulini. Nyanjige alimwita kwa kidole. Kalunde alipiga magoti kwa taabu, kwa sababu ya tumbo, akaweka sikio karibu na mdomo wa bibi. Miaka saba ya maji na uji na mafuta ya nyonyo ilikuwa imefika hapo, kwenye upana wa sikio.

"Sina," Nyanjige alisema.

"Huna nini, Bibi?"

"Ubeti. Sina. Mwalimu wangu aliteleza jabalini asubuhi ya manyunyu, akafa hapohapo na fungu lake. Sikuwahi kujua lilihusu nini. Na mwalimu wake yeye alivimba ulimi akafa anaguna. Walionitangulia wote, mmoja hivi, mwingine vile. Palipopotea maneno walivuma, ili wimbo ufike mpaka umande ukauke, watu wa chini wasijue. Nami nikavuma."

"Lakini uliniambia ni wa watoto."

"Wewe ndiye uliyeniuliza wa watoto. Ungeuliza wa mvua ningekuambia wa mvua." Machozi yalimtoka bibi yule yakaingia masikioni. "Niliogopa kiu, mwanangu."

Kalunde alimfuta machozi kwa ncha ya khanga. Kisha akasema, na alikuwa anasema kweli, "Ningekuletea maji, Bibi. Hata bila ubeti ningekuletea."

"Ningejuaje?" Nyanjige akauliza. Alikuwa anauliza hasa, alitaka jibu. Kalunde alipolipata, bibi alikuwa ameshaondoka.

Tuseme ukweli, alimchukia. Alimwosha kwa maji aliyoyachota mwenyewe asubuhi ile, akamkausha, akamfunga kidevu, na wakati wote huo alikuwa anamchukia, na alikuwa anamlilia. Mambo hayo mawili hukaa nyumba moja bila kugombana. Watoto wadogo mnaonisikiliza mtayaelewa mkikua, na mnaoyaelewa sasa, poleni.

Alfajiri iliyofuata alipanda jabalini kama kawaida. Ukungu ulikuwa mzito, unakwenda juu ya vichaka polepole kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Akaimba ubeti wa maji. Akavuma. Akaimba ubeti wa wageni, akavuma tena, akaimba ubeti wa wafu na sauti ikamkatika kidogo hapo. Akaimba kipande cha mbegu. Akavuma mpaka akafika mahali pale ambapo kwa miaka saba alikuwa akipawaza kuwa pa watoto, mahali alipokuwa akipapitia taratibu, kama unavyopita mbele ya chumba alimolala mtu.

Hapakuwa na mtu chumbani. Alijua sasa.

Angeweza kuendelea. Mnaelewa hilo? Angeweza kuvuma mpaka umande ukauke, akashuka, akaheshimiwa, akatafuta mrithi, akamwambia naye ana fungu la uzeeni. Nani angejua? Siku hizi tungesema debe tupu haliachi kuvuma, lakini watu wa chini hawakuwahi kuligonga debe lile wakajua kama ni tupu. Kalunde alisimama pale na mtoto akimpiga teke mbavuni. Akamfikiria binti fulani, hajazaliwa pengine, atakayekuja kwake siku moja na maumivu yake mkononi, amuulize kama kuna ubeti.

Akanyamaza.

Igonda nzima ilisikia ukimya ule. Waliokuwa wamelala waliamka, jambo ambalo wimbo wenyewe ulikuwa hauwezi tena. Wakatoka nje na nguo za kulalia. Akina mama wakakimbilia vitandani kuwapapasa watoto wao kama bado wana joto. Umande ulikuwa haujakauka. Watu wakasimama wakitazama mashariki, na hata mbwa walikaa chini.

Jua likachomoza.

Lilichomoza kama jana, palepale, halikuchelewa, halikukasirika. Laiti lingechelewa kidogo tu, Lubawe angekuwa na watu wake mpaka leo. Watoto waliamka wakataka kula.

Watu wakapanda jabalini, wakamkuta Kalunde amekaa, miguu ameinyoosha. Akawaeleza yote, hakumsema Nyanjige vibaya, wala hakumficha. Wengine waliinamisha vichwa. Kijana mmoja alicheka, akapigwa kofi na mama yake. Mzee Lugembe, aliyekuwa mkubwa wa wazee, alikaa chini karibu na Kalunde, akachorachora juu ya jiwe kwa kidole.

"Ungetuficha tu hayo, binti," alisema. "Sisi tungeendelea."

"Najua, Baba," Kalunde akasema. "Ndiyo maana nimewaambia."

"Lakini huo uliobaki, huo mvumo. Tuimbie tu. Ni mzuri."

Akawaimbia. Safari hii walikuwa wamekaa mbele yake, wanamtazama mdomo, na kila mmoja alikuwa anatafuta mahali maneno yalipokuwa zamani. Ulikuwa uleule. Hakuna aliyeweza kuusikia kama jana.

Walijaribu, msidhani hawakujaribu. Mwezi ule walipanda wengi. Wakakaa vikao kukumbushana, mmoja akidai bibi yake alikuwa na maneno matatu ya ubeti wa moto, mwingine akidai mawili, na hayakukubaliana. Mwezi wa pili walipanda wachache, maana palizi ilikuwa imefika. Mwezi wa tatu kila mtu alidhani mwenzake amepanda. Hakuna siku ambayo mtu angeweza kuinyooshea kidole akasema, Lubawe amekufa leo. Hapakuwa na msiba, hapakuwa na kaburi. Siku moja tu mwanamke mmoja aliyekosa mahali pakavu alianika mihogo juu ya jabali, akasubiri jambo limpate, halikumpata, na kesho yake jirani yake naye akaanika.

Miaka mingi baadaye walikuja wageni na vitabu vyao, wengine kutoka pwani, wengine kutoka mbali zaidi, na hadi leo kuna watu hapa Igonda watakuambia wageni ndio waliomuua Lubawe. Wacheni uongo. Mgeni alipofika alikuta mihogo imeshakauka.

Kalunde alijifungua mtoto wa kike. Hakuna ubeti ulioimbwa. Alihesabu siku nane huku halali, akimwekea mtoto kidole chini ya pua asikie pumzi. Siku ya tisa ikafika. Akahesabu miezi. Siku moja mtoto alimtazama Mhoja akitoka mtini amejaa majani kichwani, akacheka, na Kalunde akatoka nje ya nyumba kwa kasi akasimama nyuma ya ghala akishikilia ukuta. Aliporudi mtoto bado alikuwa anacheka. Akaota meno. Akakaa. Akasimama akishika mtungi.

Hapo Kalunde akapatwa na jambo ambalo hakulitegemea. Alijawa na shukrani, ikamjaa mpaka kooni, na hakuwa na pa kuipeleka. Angemshukuru nani? Alimbeba mtoto mgongoni akapanda jabalini asubuhi moja. Mihogo ilikuwa imetandazwa pande zote, imebaki njia nyembamba ya kupita. Akasimama pale alipokuwa akisimama. Akafungua kinywa. Ubeti wa maji haukumfaa, wala wa wageni, wala wa wafu. Akajiona mjinga, akashuka.

Chini ya jabali Mhoja alikuwa ametundika mzinga kwenye panda ya mti mfupi, usawa wa uso wa mtu. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka, kimya, kama watu wanaotembea katika ndoto. Kalunde alikuwa amechoka, na koo lilikuwa limemjaa vilevile. Akauegemea ule mzinga kwa paji la uso. Hawakumchoma. Mti ulikuwa na joto, ulinukia nta.

Akavuma. Alivuma ule mvumo wa mahali pa watoto, ule uliokuwa hauna mtu ndani, polepole, midomo imefungwa, mtoto mgongoni ameweka shavu kati ya mabega yake. Hakuomba kitu. Alivuma mpaka koo likapungua uzito, akanyamaza, na mvumo haukunyamaza. Alidhani ni masikio. Akashika kifua chake, kimetulia. Akaweka kiganja juu ya mzinga, akausikia unatetemeka. Mle ndani, gizani, kwenye masega, nyuki walikuwa wameupokea. Waliotoka walitoka nao, wakaupeleka kwenye maua ya mwituni, na wale wa mizinga mingine wakaupata huko.

Na tangu siku hiyo nyuki huvuma. Hawajui wanamvumia nani, na Kalunde pia hakujua, na mimi msiniulize. Hapa Igonda sasa kuna wanaokwenda msikitini na wanaokwenda kanisani, na kila mmoja ana maneno yake, mengi, ameyafundishwa hadharani pamoja na wenzake. Lakini mwanamke wa hapa akijifungua, mtoto akamaliza siku nane, humfunga mgongoni akaenda kwenye mzinga ulio karibu, wa mumewe au wa jirani. Anauegemea kwa paji la uso. Hakuna anachosema. Anakaa hapo na mwanawe, wanasikiliza, mpaka mtoto alie kwa njaa, kisha wanarudi nyumbani.